Jinsi ya kujenga heshima kati ya wafanyakazi wa kanisa bila kuhubiriana

Tuanze na neno mtumishi manake ndo linaloficha mambo mengi. Kanisani mchungaji ni mtumishi, mwimbaji ni mtumishi, mgeni aliyekuja kuhubiri ni mtumishi wa Mungu tena anatangazwa kwa mikrofoni, ila yule anayedeki ukumbi jumamosi usiku mpaka wenzake wameshalala yeye anaitwa "we kijana", au haitwi kabisa, ananyooshewa kidole tu. Neno ni lilelile ila ofisini kila mtu anajua vizuri nani ni mtumishi wa kushikwa mkono na nani ni mtumishi wa kutumwa.

Mi nimekaa ofisi ya kanisa miaka kadhaa kama katibu, nimeandika mihtasari ya vikao mpaka vidole vinauma, na nilichokiona ni kwamba watu wa kanisani hawatukanani kama watu wa ofisi zingine, wanatukanana kwa mistari ya Biblia. Mtu akitaka kukwambia we mvivu anakusomea habari ya mvivu na chungu, yule mdudu wa Mithali 6, akitaka usiulize mshahara anakukumbusha hazina ya mbinguni. Kwa hiyo ukiita semina ya upendo na umoja watu wanatoka na mistari mipya ya kupigania, basi. Kinachosaidia ni vitu vya kushikika: majina, saa za kazi, hela, nani anamwagiza nani, na malalamiko yanapelekwa wapi. Nitaenda navyo hivyohivyo, vingine nitavikalia sana vingine nitapita haraka.

Hesabu watu wako kwanza

Chukua karatasi, andika kila mtu anayefanya kazi pale, sio wenye meza tu. Mchungaji, wasaidizi wake, katibu, mhasibu, mwalimu wa sande skuli, mpiga kinanda, fundi wa saundi na projekta, dereva, mlinzi, wa usafi, na wale wanaojitolea ambao ukweli ni kwamba wanafanya kazi nyingi kuliko walioajiriwa. Kwa kila mmoja andika jina lake kamili, anafanya nini hasa, anaripoti kwa nani, analipwa nini na lini, na siku yake ya kupumzika ni ipi. Mahali utakaposhindwa kujaza ndo pa kuanzia kazi. Tulipofanya zoezi hili ofisini kwetu wazee watatu walikuwa hawajui jina la mlinzi anayewafungulia geti kila wiki, mmoja akasema "si yule mrefu", chumba kizima kikacheka halafu kikanyamaza.

Ukifika Warumi 16 utaona Paulo anasalimia watu zaidi ya 20 kwa majina, na wengi anaeleza na kazi waliyofanya, huyu kajitaabisha, hawa walihatarisha shingo zao kwa ajili yangu. Halafu mstari wa 22 anatokea Tertio, yule aliyekuwa anaandika waraka wenyewe kwa kuambiwa, na yeye anaweka salamu yake. Kwa sisi makatibu huo mstari mtamu sana, mtu wa kalamu kapewa nafasi ya kusema mimi nipo hapa. Fanyeni hivyo na nyie: siku ya kushukuru msiseme "tunawashukuru wote waliofanikisha", taja majina na taja kazi. Vyaelea vimeundwa, na aliyeunda ana jina.

Na mkubaliane namna ya kuitana. Kama mchungaji anaitwa Mchungaji, basi wa usafi aitwe kaka au dada fulani kwa jina lake, na kama ni mtu mzima aitwe baba au mama hata kama bosi wake ana digrii tatu. Kijana wa ofisini asimpigie mluzi mzee wa geti. Hii haina gharama na ndani ya mwezi utaona tofauti.

Mshahara

Hapa nakaa kidogo. Heshima ya kwanza kwa mfanyakazi ni kulipwa tarehe mliyokubaliana, kila mwezi, bila kuja kuomba. Makanisa mengi yanakosea hapa sio kwa ubaya, ni kwa vile sadaka haitabiriki na kila mtu anasema tunamtumikia Bwana, lakini mwenye nyumba wa mfanyakazi hatumikii Bwana kwa mpango huo, anataka kodi yake. Torati yenyewe haikuzunguka, Kumbukumbu 24 inasema kibarua maskini apewe ujira wake siku ileile jua lisichwe, na Yakobo sura ya 5 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Unaweza kuwa na ibada nzuri kweli halafu kuna kelele inatoka ofisi ya mhasibu.

Kwa vitendo: kila mtu awe na mkataba wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja, wenye kazi zake, saa zake, malipo, likizo na namna ya kuachana. Yanayotakiwa na sheria ya kazi ya nchi yenu, bima sijui mafao sijui nini, yalipwe, kanisa lisijifiche nyuma ya msalaba. Mwezi sadaka ikipungua, waambie wafanyakazi mapema kabla tarehe haijafika, uwape namba halisi, sema kiasi gani kipo na kilichobaki kitakuja lini. Na hicho kidogo kilichopo kianze kwa anayelipwa chini kabisa, kipande juu, mchungaji na wakuu wawe wa mwisho. Najua hii inauma. Ila nimeona mwezi ambao mlinzi hajalipwa na wiki hiyohiyo imenunuliwa spika mpya, na baada ya hapo hakuna aliyekuja kwenye maombi ya wafanyakazi akiwa na moyo, wanakuja wanafumba macho tu.

Halafu kuna hili la kujitolea. Mfanyakazi ana saa zake, zikiisha unamwambia abaki kwenye mkesha "kwa kujitolea". Kama hawezi kukataa hiyo sio kujitolea, ni kazi bila malipo. Kipimo ni rahisi, jiulize mwenyewe, akisema hapana je kesho utamuangalia vilevile? Kama jibu ni hapana basi mlipe au mpe siku nyingine ya kupumzika.

Siku ya kupumzika yenyewe ndo shida ingine kwa sababu jumapili wenzetu wanapumzika sisi ndo tupo kwenye moto. Chagueni siku kwa kila mtu, wengi wanachukua jumatatu, iandikwe kwenye ratiba ya ukutani na siku hiyo asipigiwe simu kuulizwa ufunguo wa stoo uko wapi. Mchungaji naye achukue yake, manake bosi asiyepumzika anafanya kila anayepumzika aonekane hana mzigo. Musa mwenyewe alikuwa anakaa asubuhi mpaka jioni anasikiliza kesi za watu, mpaka mkwewe Yethro akamwambia utajichosha wewe na hawa watu ulio nao, weka viongozi wa maelfu na wa mamia na wa hamsini na wa makumi. Akasikia, hakusema mkwe huna upako.

Nani anamwagiza nani

Mtu wa usafi anaweza kuagizwa na watu watano kabla ya saa nne. Mchungaji anataka ofisi ifagiliwe, mama mchungaji anataka asaidiwe nyumbani, mzee wa kanisa anataka viti vihamishwe, kiongozi wa kwaya anataka joho zipigwe pasi, halafu katibu anauliza mbona vyoo havijasafishwa. Jioni anaitwa mzembe. Hii sio tabia mbaya ya mtu mmoja, ni mpangilio mbovu, na mpangilio mbovu unazaa dharau hata kwa watu wapole.

Kila mfanyakazi awe na mtu mmoja tu wa kumpa kazi. Mwingine yeyote akiwa na shida apitie kwa huyo, hata awe nani. Familia ya mchungaji ipendwe ila sio mabosi, kama mama mchungaji ana nafasi ya kazi iandikwe, kama hana basi ni mshirika kama washirika wengine. Na mfanyakazi apewe sentensi ya kujibu ambayo haitamletea matatizo, kwa mfano "sawa mama, naomba nimwambie katibu anipangie". Mkikubaliana sentensi hiyo kwenye kikao watu wote wakaisikia, akiisema haonekani mjeuri.

Na wakubwa wawili wakiwa hawaelewani, mchungaji na mwenyekiti wa wazee kwa mfano, msiwafanye watu wa ofisini wawe njia ya kupitisha salamu mbaya. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na nyasi hapo ni katibu anayeambiwa na mmoja chapa barua na mwingine usiichape.

Umbea uliovaa kanzu

"Jamani tumuombee dada yetu wa mapokezi, anapita kipindi kigumu kwenye ndoa." Hapo kumi wameshajua, na sita hawakuombea chochote. Hii ndo dharau ya kikanisa ninayoichukia kuliko zote kwa sababu ukiikemea unaonekana unapinga maombi. Wekeni kanuni moja: jambo la mtu haliingii kwenye maombi ya ofisi mpaka mwenyewe ameruhusu, na anayeruhusu ndo anachagua maneno. Mtu akianza "tumuombee fulani", yeyote chumbani ana haki ya kuuliza taratibu "amesema tumuombee?" Mara mbili tatu tu utaona zile taarifa zimepungua.

La pili ni madhabahu. Mwiko kumjibu mfanyakazi kwa mahubiri. Wote tunajua ile jumapili ambayo mhubiri anasema "kuna watu humu ndani wanakula mezani kwa Bwana lakini mioyo yao" na ofisi nzima inajua ni mhasibu aliyegomea kusaini malipo ijumaa. Yule mhasibu hana mikrofoni. Hawezi kuinua mkono. Kumpiga dongo mtu asiyeweza kujibu mbele ya watoto wake sio ujasiri wa kinabii, na kama mchungaji ana neno na mhasibu mlango wa ofisi uko wazi.

La tatu ni simu. Makosa ya mtu hayasahihishwi kwenye grupu la WhatsApp, huko ni taarifa na pongezi. Kazi isitumwe usiku wa manane kwa voisi ya dakika sita, andika asubuhi, na kama ni dharura kweli piga simu. Msipimane imani kwa nani kaandika Amina haraka.

Kumsahihisha mtu

Mathayo 18 wengi tunaijua: nenda kwake ninyi wawili peke yenu kwanza, asiposikia chukua mmoja au wawili, ndipo kanisa. Watu wa kanisani tunaihubiri kisha tunaanza na hatua ya tatu. Jizoeze kwa makosa madogo. Tuseme katibu kakosea saa ya ibada kwenye tangazo, watu wamekuja wamechelewa. Ukimwambia mbele za watu "kila siku wewe, hata jambo dogo la Mungu huwezi", umemchanganyia kosa, tabia yake na wokovu wake kwenye sentensi moja. Muite pembeni: "Dada, kwenye tangazo saa imeandikwa nne badala ya tatu, watu wengi wamechelewa. Ilikuwaje?" Halafu nyamaza usikie, kwa sababu mara nyingi utakuta alipewa saa mbili tofauti na watu wawili tofauti, na mmoja wao ni wewe. Mithali 18:13 inasema kujibu kabla hujasikia ni upumbavu na aibu, na mimi nimeshaipata hiyo aibu mara kadhaa, sitaki kuelezea.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Hiyo njia ya kwenda wawili peke yenu ni ya makosa kati ya watu wanaoweza kuongea kama watu. Isitumike kwa mtu aliyeshikwashikwa, aliyetishiwa, aliyetakwa kimapenzi na bosi, au aliyegundua hela inaibiwa. Kumwambia binti wa ofisini "nenda kaongee naye kwanza kama Mathayo inavyosema" ni kumrudisha kwenye chumba kilekile. Huyo anatakiwa awe na watu wawili wanaojulikana, angalau mmoja mwanamke, angalau mmoja sio wa ofisi ya mchungaji wala ndugu yake, ambao anaweza kwenda kwao moja kwa moja. Wanasikiliza, wanaandika tarehe na maneno, wanatunza meseji, wanamtenganisha na mtuhumiwa kazini bila kumpunguzia mshahara yeye, na kama ni kosa la jinai wanamsindikiza polisi. Kikao cha wazee sio mahakama na maombi ya kufunga sio upelelezi.

Mkubwa anapokosea

Kuna mstari unapendwa sana, msiwaguse masihi wangu, Zaburi 105:15. Ukisoma juu yake kidogo, kuanzia mstari wa 12, utakuta unahusu watu wachache, wageni, wanaotangatanga toka taifa hadi taifa, na Mungu anawakemea wafalme wasiwaonee. Yaani ni neno la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, sisi tumeligeuza likawa la kumlinda bosi asiulizwe risiti. Na 1 Timotheo 5:19 nayo, inasema mashtaka juu ya mzee yasipokelewe bila mashahidi wawili watatu, watu wanasoma hapo wanafunga Biblia. Mstari wa 20 unaofuata unasema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.

Kwa hiyo mchungaji au mkuu wa idara akikosea, kanuni ninayoipenda ni hii: omba radhi mbele ya watu walewale uliomvunjia mtu heshima mbele yao. Umemfokea fundi wa saundi mbele ya kwaya, radhi iende mbele ya kwaya, sio kimyakimya kwenye gari. Hata Paulo kule Antiokia alimpinga Kefa, yaani Petro, waziwazi mbele ya wote kwa vile kosa lenyewe lilikuwa hadharani, Petro alijitenga na wasiotahiriwa mezani na wengine wakamfuata. Na radhi iwe na kosa ndani yake, "nilikufokea na haikuwa sawa", sio "kama nimekukwaza". Na msimharakishe aliyeumizwa kusamehe. "Samehe tu mtumishi" kabla kosa halijatajwa ni njia ya kumwambia anyamaze.

Watu wanachanganya heshima na woga. Ofisi ambayo kila mtu anasema ndio mchungaji halafu wanacheka ukitoka haikuheshimu.

Bosi ambaye pia ndo mchungaji wako

Hili halipo ofisi zingine. Anayekusaini likizo ndo huyohuyo unayetakiwa kumwambia dhambi zako na shida za nyumbani. Mimi niliwahi kumweleza kiongozi jambo langu zito nikiwa nalia, miezi mitatu baadaye nikalisikia kwenye tathmini ya kazi, "tunajua una changamoto za kifamilia", na tangu siku hiyo sikumwambia kitu zaidi ya ratiba.

Dawa yake ni mbili. Kwanza mchungaji aseme anavaa kofia gani: "leo naongea kama bosi wako" au "leo nakusikiliza kama mchungaji", na ya kofia moja yasihamie nyingine. Pili, mfanyakazi apewe ruhusa ya wazi ya kuwa na mchungaji wa kanisa jingine au mshauri wa nje kwa mambo yake, bila kuonekana msaliti. Na apewe angalau ibada moja kwa mwezi akae kwenye benchi kama watu, asibebe kitu, asiitwe kufungua stoo.

Malalamiko yaende wapi

Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema roho ya manung'uniko itoke, waliita watu wote, wakasema chagueni watu saba wenye sifa hizi na hizi, wakawapa kazi. Angalia na majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Waliolalamika waliona watu wa kwao wakipewa kazi ya kurekebisha. Nanyi mkiunda kamati ya mambo ya wafanyakazi msijaze wazee watupu, wekeni na mtu wa usafi, wekeni na dereva.

Kikao cha wafanyakazi kiwe mara moja kwa mwezi, kifupi, na aanze kuongea wa chini kabisa. Mchungaji awe wa mwisho, kwa sababu akianza yeye kikao kimeisha. Muhtasari uonyeshe lililolalamikiwa mwezi uliopita limefanyiwa nini, hata kama jibu ni "hatuna hela bado".

Washirika wakimtukana mfanyakazi wa mapokezi kwa vile wanatoa fungu kubwa, kiongozi asimame hapohapo na aseme hapana. Sina la kuongeza hapo.

Mtu anapoondoka

Angalia ofisi inavyomsema aliyeacha kazi, wanaobaki wote wanasikiliza wakijua siku yao itakuja. Ukisema alikuwa na roho ya uasi, umewaambia wote utakavyowasema. Paulo na Barnaba waligombana mpaka wakatengana kwa sababu ya Marko aliyewaacha Pamfilia, ugomvi mkali kabisa, lakini mwishoni kwenye 2 Timotheo 4:11 Paulo anaandika mlete Marko maana anifaa kwa utumishi. Huwezi kuandika barua kama hiyo kama ulishamchafua mtu kwa makanisa yote ya jirani.

Kwa hiyo lipa stahiki zake zote kabla ya siku ya mwisho, mpe barua ya kazi yenye ukweli, mtangaze kwa jina mbele ya kanisa hata kama aliondoka mmenuna, mtoe kwenye grupu baada ya kuagana sio kabla. Pokea funguo kwa mkono, usimtume mlinzi akamnyang'anye getini. Halafu mwezi mmoja au miwili ikipita mpigie simu umuulize ni kitu gani alikuwa anakiona pale ofisini na akashindwa kukwambia. Akianza kusema usijitetee, chukua kalamu uandike.